Barafu Isiyo na Masizi

Mzee alikuwa amewaongoza watu mlimani maisha yake yote, hata mtaa mzima ukamwita Baba Barafu. Sasa macho yamezimika na kizingiti havuki bila kushikwa mkono. Alichobakiwa nacho ni ulimi, nao ulidai kitu kimoja tu: bintiye, aliyerithi kazi yake, akishuka kutoka mlimani amletee kipande cha barafu ndani ya chupa ya chai.

Miaka ya karibuni barafu hiyo ilijaa masizi. Moshi wa magari na viwanda vya bondeni ulipanda mpaka kule ukailalia, na ilivyozidi kuwa nyeusi ndivyo jua lilivyozidi kuila. Mzee aliitafuna hivyohivyo, akatema weusi koponi, akawatukana wenye viwanda matusi ambayo siyaandiki. Halafu alitabasamu. "Ipo," alisema. "Bado ipo."

Safari hii haikuwapo. Pale walipozoea kufunga viatuni vyuma vya kukanyagia barafu, binti alikuta mwamba mtupu na tope. Akaketi akalia kama mfiwa, na mfiwa alikuwa kweli. Atamwambia nini baba yake, na daktari ameshaonya kwamba moyo ule hautaki mshtuko?

Akapitia kwa muuza samaki. "Shangazi, nigongee kipande cha barafu kwenye friza."

"Chukua, mwanangu. Ila kikinuka samaki usinisingizie."

Basi akakiosha, akakiosha tena mpaka kikang'aa.

Mzee alikitia mdomoni, akatafuna taratibu. Akatema koponi, akatumbukiza kidole, akapapasa.

"Haina masizi," alisema. "Hata chembe."

Binti alijua ameumbuka. Akafungua kinywa aombe radhi, lakini mzee alikuwa akicheka huku machozi yanamtiririka.

"Mama, mlima umepona! Wamesikia hatimaye. Mimi nilikuwa nasubiri siku utakayoniambia imekwisha, nijiondokee zangu. Kumbe!" Akalitupa blanketi kando. "Nipe viatu vyangu. Nibebeni hata kwa machela, nikaishike kwa mikono yangu."

Binti akavileta, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Akapiga magoti. Akafunga kamba ya kiatu kimoja, akaifungua, akaifunga tena.

"Fanya haraka, mama," mzee alimhimiza, "kabla jua halijawa kali."