Kadi ya Njano ya Zena

Mwanvua, mke wa Amuri fundi wa mashine za mitumbwi, alikuwa mpika sabuni katika mtaa wa Waswahili pale Rumonge. Watu walimjua kwa mambo mawili: sabuni yake ya mawese haikuchubua mikono, na yeye mwenyewe hakuwa na neno lililomkwama kooni. Wifi yake Zena, dada mdogo wa Amuri, alikuwa wa namna nyingine kabisa. Alikuwa mjane mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, alishona magauni ya wanawake kwenye baraza ya nyumba ya jirani, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba alipotaka kusemeshana na mteja ilibidi kwanza asimamishe cherehani. Tangu afiwe na mumewe alikuwa akila kwa kaka yake, na wifi hao wawili walizoeana mpaka wakawa wanagombania kijiko bila kukasirikiana.

Mwaka huo, mvua za Februari zilipokuwa zimeshika, watafiti kutoka Bujumbura walifika kwenye kituo cha afya. Aliyetangulia kuzungumza na wanawake alikuwa Chanceline, binti wa hapo hapo Rumonge aliyekwenda kusomea uuguzi akarudi. Alipita sokoni kwenye mafungu ya samaki wadogo wa ndagala, akapita kanisani, akapita kwenye darasa la akina mama msikitini, na kila mahali alieleza jambo lile lile.

"Saratani ya mlango wa kizazi haiji kwa siku moja," alisema. "Inatanguliwa na kirusi ambacho kinaweza kukaa mwilini miaka. Tukikiona mapema, tunaizuia. Sasa tunataka kujua njia gani inaona vizuri zaidi hapa kwetu. Wengine watapimwa na muuguzi: atapaka siki mlangoni mwa kizazi, aangalie kwa macho kama patageuka peupe. Wengine watajipima wenyewe kwa kijiti chenye kiburashi, kisha kijiti kinakwenda maabara."

"Na nani anachagua?" Mwanvua aliuliza.

"Hakuna anayechagua. Si mimi, si muganga wa kituo. Ni kura. Tukianza kuchagulia watu, utafiti unaharibika. Na asiyetaka halazimishwi, hata akiwa ameshatia sahihi. Atakayeonekana na kitu, awe wa njia gani, atatibiwa sawa na mwenzake."

Mwanvua hakuhitaji zaidi ya hayo. Mama yao Amuri na Zena alikufa kwa ugonjwa huo huo, na siku ulipotambulika, waganga wa hospitali walikuwa wamebaki na dawa za kutuliza maumivu tu. Jumatatu asubuhi alikwenda kwenye baraza ya wifi yake, akafunika cherehani kwa kitambaa, akamwambia avae viatu.

Kituoni walisomewa karatasi za ridhaa, wakaulizwa kama wameelewa, wakatia sahihi. Kila mmoja akapewa bahasha iliyofungwa. Ya Mwanvua ilitoka na kadi ya kijani: kujipima mwenyewe. Ya Zena ilitoka na kadi ya njano: kupimwa na muuguzi. Majina yao yakaandikwa kwenye kadi, wakaambiwa wakae kwenye benchi nje ya vyumba viwili.

Mlango wa chumba cha muuguzi ulikuwa wazi kidogo. Zena aliinamisha kichwa akachungulia. Aliona kitanda kirefu, taa yenye shingo, na pazia fupi lisilofika chini. Akarudi kukaa wima.

"Wifi, miye narudi nyumbani."

"Unarudi kufanya nini?"

"Sijawahi kulala mbele ya mutu namna ile. Hata watoto wangu niliwazalia chumbani kwa mama."

"Lakini ni mwanamuke kama weye."

"Ndiyo maana. Kesho nitakutana naye sokoni, atanisalimia, na atakuwa anakumbuka."

Zena alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake akiizungusha kidoleni, na Mwanvua alijua kwamba akizungusha hivyo mara tatu tena, atainuka na hatarudi. Wala hakufikiri sana. Alinyoosha mkono akaichukua kadi ya njano kutoka mapajani mwa wifi yake, akaweka ya kijani mahali pake.

"Chukua hii. Unaingia peke yako, unafunga mlango, unajipima, unatoka. Miye nitalala kwenye kile kitanda. Sina kitu ambacho Mungu hakukiumba."

"Na majina?"

"Majina ni maandishi tu. Tukitoka hapa siye wote tumeisha pimwa. Nani amepungukiwa?"

Muuguzi alikuwa ameletwa wiki hiyo kutoka Bujumbura, bado hakumjua mtu. Alipoita "Zena", Mwanvua aliinuka. Akalala, akamweleza muuguzi jinsi mawese mabichi yanavyotofautiana na yaliyokaa, na kabla hajamaliza habari ya magadi akaambiwa ashuke, siki haikuonyesha kitu. Zena naye alitoka kwenye chumba cha pili akiwa na uso mwepesi. Njiani wakacheka kama watoto waliotoroka chuo cha Kurani. Watatu katika familia hawakuambiwa: Amuri, na watoto wa Zena wawili.

Wiki tatu baadaye, Mwanvua alikuwa amesimama juu ya pipa la sabuni na mwiko mkononi, simu ikalia.

"Mama Mwanvua, amahoro. Ni Chanceline. Majibu yako yamerudi kutoka maabara. Kimeonekana kile kirusi. Si saratani, usiogope, lakini tunataka uje muuguzi akuangalie wiki hii."

Mwanvua aliegesha mwiko kwenye ukingo wa pipa. Kisha akakumbuka nani alikitumia kile kijiti. Majibu hayo yangekuwa yake, angekwenda kesho yake mapema, angelala kitandani na kusimulia habari za magadi. Lakini yalikuwa ya Zena, ambaye kwa sababu yake yeye, Mwanvua, mahali popote duniani hapakuandikwa kwamba ana kitu.

Jioni hiyo alijaribu kusema. "Chanceline amepiga simu," alianza. "Amesema majibu ya ile kadi ya kijani si mazuri."

Alidhani hayo yanatosha. Lakini kadi ya kijani ilikuwa na jina la Mwanvua na simu ilipigwa kwake, na Zena akaelewa kwamba mgonjwa ni wifi yake. Akamshika wifi yake mikono miwili, machozi yakamtoka bila sauti, kama ilivyokuwa desturi yake. Na kabla Mwanvua hajapata neno la pili, Zena alikuwa ameshaingia jikoni.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za ajabu. Zena alifunga ushonaji. Alipika samaki wa mikeke wa kukaanga na wali wa nazi, alipika mboga ya lengalenga kwa mawese, alipika chapati asubuhi, akakataza Mwanvua asiguse hata ndoo. Alikoroga sabuni mwenyewe, vibaya, akaiharibu. Alimwombea dua baada ya kila swala. Na Mwanvua, yule asiyekwamwa na neno, alikaa mkekani akila. Kila tonge lilishuka kwa aibu, ingawa mikeke walikuwa wamekaangwa vizuri sana na alijilaumu hata kwa kuliona hilo.

Alasiri ya siku ya pili Zena alileta uji, akakaa kumtazama anavyokunywa.

"Usijali wifi," alisema. "Utakwenda, watakuangalia, na miye nitakaa nje nakungoja. Mama hakupata bahati ya kujua mapema. Weye umeipata."

Mwanvua akaweka kikombe chini.

"Zena. Kile kijiti, nani aliyejipima nacho?"

Zena alitazama kikombe cha uji, akatazama sufuria ya wali iliyobaki tangu mchana, akatazama mikono yake iliyobabuka kwa sabuni aliyoiharibu. Mwanvua alingoja kilio. Alikuwa tayari kutukanwa.

"Kumbe," Zena alisema polepole, "siku zote hizi nilikuwa namuuguza mutu mzima."

"Ndiyo."

"Na umekula chapati zote zile."

"Nimekula. Nisamehe, wifi. Nilishindwa kusema."

Zena alianza kucheka. Kicheko kilianza kidogo, kikakua mpaka akalazimika kujiegemeza ukutani, na katikati yake kilio kikaingia, vikachanganyika hata Mwanvua asijue ambembeleze au acheke naye. Akafanya yote mawili. Walipotulia, Zena alikivuta kile kikombe cha uji akakinywa mwenyewe mpaka mwisho.

"Twende kesho," alisema. "Lakini weye ndiye utakayeeleza."

Asubuhi walikaa mbele ya Chanceline. Mwanvua alieleza bila kuficha kitu: benchi, pazia, kadi, majina. Chanceline alikuwa akiandika. Katikati ya maelezo aliweka kalamu mezani. Kisha akainuka akamwita daktari Anastasie, mkuu wa utafiti, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Mwanvua akalazimika kueleza tena tangu mwanzo, na safari hii hadithi haikuwa na ladha hata kidogo.

Daktari Anastasie hakucheka, wala hakufoka.

"Mama Mwanvua," alisema, "ulitaka kumsaidia wifi yako, naelewa. Lakini tazama. Karatasi yangu inasema Zena ni muzima. Kama usingekuja leo, angekaa nyumbani na karatasi hiyo mpaka lini? Na wanawake wengine tutakaowapima baadaye, tutawachagulia njia kwa kutumia namba ambazo si za kweli."

Mwanvua aliinamisha kichwa. "Sasa mutatufukuza?"

"Hapana. Tutaandika kwenye rapoti kilichotokea, kama kilivyotokea. Utafiti haufi kwa kosa lililosemwa. Unakufa kwa lililofichwa." Akamgeukia Zena. "Na weye, kwa nini uliogopa? Nataka kujua, nami nitaandika."

Zena alizungusha ncha ya mtandio. Mwanvua alikuwa karibu kujibu kwa niaba yake, Chanceline akamfinya goti.

"Pazia ni fupi," Zena alisema. Daktari aliinama ili amsikie. "Mutu akipita nje anaona miguu. Na hakuna aliyenionyesha vyombo kabla. Muliniuliza kama nimeelewa. Hamukuniuliza kama nina haya."

Daktari Anastasie aliandika maneno hayo, neno kwa neno, akayasoma kwa sauti kuhakikisha. Kisha Zena akauliza lile lililomkaa moyoni tangu jana: yeye ni mjane wa miaka minne, kirusi amekitoa wapi, na watu watasemaje.

"Kinaweza kulala kimya miaka kumi," daktari alimjibu. "Wanawake wengi wanakipata, wanaume pia, na wengi mwili unakiondoa wenyewe. Si ushahidi wa tabia ya mutu yeyote. Na majibu yako ni yako. Hapa hayatoki."

Siku hiyo hiyo Chanceline alileta kanga yake mwenyewe, akaishona haraka haraka chini ya pazia. Zena alitazama mishono hiyo, hakujizuia: akaomba sindano akaishona upya. Alipomaliza ilikuwa kama ameshatawala chumba. Muuguzi alimwonyesha kila chombo na kazi yake, akamwacha akishike mkononi. Kisha mlango ukafungwa, na Mwanvua akabaki nje kwenye benchi.

Siki ilionyesha doa dogo jeupe. Daktari aliangalia naye, akasema ni mabadiliko ya mwanzo, hayajafika kuwa saratani, na yanaweza kuondolewa papo hapo kwa chombo chenye joto. Zena akaulizwa kama yuko tayari leo au arudi siku nyingine. Akasema leo. Baadaye alimsimulia wifi yake kwamba alisikia joto na maumivu kama ya hedhi, na kwamba alianza kusoma Ayatul Kursi lakini kazi ikaisha kabla hajafika mwisho, akaimalizia akivaa.

Mwanvua hakuachiwa aende hivi hivi. Alipewa kijiti chake na kuingizwa kwenye chumba kidogo, na wiki tatu za kungoja majibu zikamfundisha woga ambao hakuwahi kuujua. Yalirudi safi. Alimpigia Zena simu kumwambia, ingawa Zena alikuwa amekaa hatua ishirini kutoka kwake.

Pale kituoni mapazia yalibadilishwa, yakawa ya kufika chini. Kila mwanamke akaanza kuonyeshwa vyumba vyote viwili na vyombo vyote kabla ya kufungua bahasha, na Chanceline aliongeza swali moja kwenye maelezo yake: kama mtu ana haya. Alisema tangu hapo wanaotoroka benchini wamepungua. Mwanvua alipomuuliza ni njia gani inashinda, ya siki au ya kijiti, alijibiwa kwamba bado wanawake wa vituo vya Gitaza na Nyanza-Lac hawajamalizika kupimwa, na hakuna anayehesabu kabla ya wakati.

Mwaka ulipotimia Zena aliitwa kupimwa tena. Alikwenda akiwa amevaa gauni jipya alilolishona mwenyewe, akaingia chumbani bila kusukumwa. Majibu yalipofika alikwenda kuyachukua; Mwanvua akamfuata, akaketi nje akihesabu vigae vya sakafu. Zena alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alisimama kwanza kumsalimia mama mmoja aliyekuwa amekaa peke yake na bahasha mapajani, akamuuliza habari za watoto, akamwambia jambo sikioni, yule mama akatabasamu. Ndipo akaja kwa wifi yake.

"Iko nini?" Mwanvua aliuliza. "Sema, usiniue."

"Hakuna kitu. Iko safi. Wamesema nirudi mwakani, kuangalia tu."

Mwanvua alimkumbatia mpaka mtandio ukamwanguka. Kisha wakaharakisha kuondoka, kwa sababu Jumamosi ilikuwa harusi ya binti wa Salima, mteja wa Zena, kule Nyanza-Lac, na magauni sita ya akina mama yalikuwa bado hayajapigwa pindo. Zena alitembea mbele akitaja nani avae rangi gani, kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara.