Funga, Nakusubiri

Wankyo alikuwa amepiga picha za harusi na kipaimara mjini Musoma kwa miaka kumi na minane, ila picha ya bango la barabarani hakuwahi kuombwa. Kwa hiyo Bernado, mwenyekiti wa chama cha wavuvi wa Mugango, alipomtaka apige ya kuhimiza watu kuvaa jaketi okozi ziwani, alifanya kama alivyozoea. Aliwapanga wavuvi kumi na wawili mbele ya mitumbwi, nyavu pembeni, ziwa nyuma, kila mmoja na jaketi lake. Kwenye kompyuta ilipendeza kweli.

Aliporudi nyumbani Bweri akaichapa ndogo, saizi ya pasipoti, akaibandika kwenye ukuta wa nje, akamtuma mume wake Fredy ng'ambo ya barabara aitazame kama bango.

"Unaona nini?"

"Watu."

"Wanafanya nini?"

Fredy alikaza macho. "Kama wanamsubiri bibi harusi."

Wankyo alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Mtu aliye kwenye pikipiki hatasimama kukagua sura kumi na mbili. Ataona kitu kimoja, basi, kashapita. Kitu gani hicho?

Kesho yake alirudi Mugango na swali hilo. Bernado alikuwa na jibu tayari: Marieta, mjane ambaye mume wake Stanislausi alizama miaka miwili iliyopita, jaketi likiwa limeachwa nyumbani.

"Mama Nathan, ukilia kidogo tu, watu wataguswa," Bernado alimwambia.

Marieta alimtazama. "Nililia msibani, mwenyekiti. Sitalia tena kwa ajili ya wapita njia."

Wankyo aliona aibu kana kwamba maneno yale ameyasema yeye. Akaishusha kamera. Walikaa hivyo mpaka Nathan, kijana wa Marieta, mwanaume mzima mwenye ndevu, alipopita akielekea mtumboni. Mama yake alimshika jaketi, akauvuta mkanda wa kifuani mpaka ukakaza. Nathan alisimama akisubiri, kama mtu aliyezoea.

"Tafadhali, rudieni hivyo hivyo," Wankyo alisema.

Alipiga magoti mchangani, akasogea karibu sana, kamera ikitazama juu ili nyuma kubaki anga peke yake. Ndani ya picha iliingia mikono miwili ya mama, mkanda, jaketi la rangi ya chungwa na kidevu cha Nathan. Upande wa kushoto aliuacha mtupu.

"Huwa unamwambia nini ukimfunga?"

"Nasemaga tu, funga, nakusubiri."

Bernado alipooneshwa picha alishangaa. "Mtumbwi uko wapi? Na sisi? Hapo patupu si tuweke jina la chama na majina ya viongozi?"

"Hapo patupu ndipo jicho linapopumzikia, mwenyekiti. Ukipajaza, hakuna atakayesoma chochote."

Walibishana siku mbili. Mwishowe jina la chama likakubali kukaa chini, kwa herufi ndogo, na pale patupu yakaandikwa maneno mawili tu ya Marieta.

Bango lilisimamishwa kando ya barabara ya kwenda Bunda. Wankyo alimpeleka Marieta kuliona, ila kuna jambo moja hakuwa amemwambia.

Marieta alilitazama kutoka juu hadi chini. "Uso wangu umeuacha."

"Nimeuacha, mama Nathan. Ungekuwepo, watu wangeuliza huyu ni nani. Sasa kila mtu anaweza kuona mikono ya mama yake. Lakini nilipaswa kukuambia mapema. Nisamehe."

Marieta aligeukia tena bango. "Baba Nathan sikuwahi kumfunga," alisema. "Alikuwaga anaondoka mimi nimelala. Hayo maneno nimeanza kuyasema alipokwisha kufa."

Wankyo alikuwa amehangaika na nafasi, rangi na ukubwa wa herufi, wala hakujua kwamba maneno aliyoyapandisha pale juu yalikuwa yamemkosa mtu wa kwanza aliyestahili kuyasikia.

Pikipiki moja ikapita. Abiria wa nyuma aligeuza shingo, midomo ikacheza.

"Amesoma," Marieta alisema, akajifunga vizuri khanga yake. "Tukae kidogo. Nataka kuwaona wengine."