Mchango wa Kandida

Kama kuna mtu aliyemwomba Mungu ampe adui yake mkononi, mzimamzima, ni Kandida Aristides, fundi cherehani wa Levolosi. Na Mungu akampa. Jamani, akampa!

Ilianza na mkopo, tena mkopo wenyewe mdogo wa kuchekesha. Kwaya moja ilimpa kazi ya kushona sare, ikalipa nusu, nusu nyingine ikabaki maneno. Vitambaa dukani vilikuwa vinakaribia kuisha. Kandida akapakua kwenye simu ile aplikesheni iliyokuwa ikijinadi kila akifungua video: mkopo dakika tano, bila dhamana, bila usumbufu. Kila alichoulizwa alibonyeza kubali. Isome majina yote kwenye simu yako? Kubali. Picha zako? Kubali. Ilipofika sehemu ya mdhamini akaandika namba ya baba yake, kwa sababu ndiyo namba pekee aliyoijua kwa kichwa. Laki moja na nusu ikaingia hata chai haijachemka, naye akaenda zake kununua vitambaa.

Kwaya ikachelewesha hela. Siku ya kulipa ikaja, ikapita. Hapo ndipo alipomjua kijana wa simu, yule wa kudai madeni.

"We mama, hela ya watu unaila kama ya mumeo?" Ndivyo alivyoanza, bila hata habari za asubuhi. "Kama huna, kauze hata mwili ulipe. Na mzee wako nishamwambia. Nimemwambia amezaa mwizi."

Hakuwa anatania. Jioni hiyohiyo picha ya Kandida ilitumwa kwa kila mtu aliyekuwa kwenye simu yake, na maneno chini: huyu ni tapeli, amekimbia na fedha za kampuni. Wateja wakaipata. Padri akaipata. Muuza maziwa akaipata, na kesho yake akataka alipwe kwanza ndipo amimine.

Hayo yote Kandida angeyameza. Asichoweza kukimeza ni cha baba yake. Mzee Aristides alikuwa Usa River, na miaka mingi ndiye aliyekuwa mhazini wa jumuiya. Sadaka za watu zililala kwenye kabati lake na hakuna aliyewahi kuuliza. Mzee alivaa miwani, akasoma ule ujumbe mara mbili, akauza mtamba wake aliyekuwa karibu kuzaa, akalipa deni, riba na faini. Halafu jumuiya wakaja, kwa upole kabisa, wakamwambia apumzike, kazi apewe mwingine. Wakaondoka na daftari na kisanduku cha sadaka.

Tangu siku hiyo hakupokea simu ya bintiye. Kandida alipomfuata aliapa mbele yake kwamba matapeli wa mtandao ndio walioiba namba, kwamba yeye hajui lolote. Mzee alitikisa kichwa, akaendelea kukata majani ya ng'ombe. Zamani alikuwa akimwita "mama". Siku hiyo alimwita "dada", kama anavyomwita muuza nyanya sokoni. Kandida alilia njia nzima mpaka Levolosi.

Akajiambia: nitampata huyo mshenzi. Nitampata, nimpigishe magoti mbele ya baba yangu, na baba ataniita mama tena.

Sasa, kijana alikuwa amefanya kosa moja. Siku moja, deni likiwa bado halijalipwa, dakika za simu ya ofisi ziliisha, akapiga kwa laini yake mwenyewe. Kandida akaingia kwenye simu kama mtu anayetaka kumtumia hela, akaandika namba ile, akaandika elfu moja. Kabla ya kuthibitisha, jina likajitokeza lenyewe: BRIAN ABDIEL NDESANJO. Akafuta muamala, akacheka peke yake mpaka cherehani ikatikisika.

Ndesanjo! Mchaga akikutajia ukoo wake, amekwisha. Watu wa nyumbani watakwambia hadi kihamba, yaani shamba la migomba la babu yake, kinapakana na nani. Kandida alimpigia shangazi yake, shangazi akampigia mtu, na kabla ya jua kuzama akawa na habari kamili. Huyo ni mtoto wa Anyesi, mama mstaarabu wa kanisani, anauza vitenge. Ana ofisi na wenzake huko Themi, wanadai watu kwa simu. Na, lo, anaoa Desemba! Kamati inakaa kila Jumapili kwenye ukumbi wa baa moja Sombetini.

Kandida alishona gauni jipya kwa ajili ya kikao hicho. Haki ya Mungu, alishona.

Kikao cha harusi hakimfukuzi mtu anayesema ana mchango. Alikaribishwa, akapewa soda, akasikiliza ahadi za watu. Upande wa bibi harusi walikuwepo, wajomba wanne wamejipanga mbele. Brian mwenyewe alikaa karibu na mama yake, shati limenyooka, anatabasamu. Mwenyekiti akasema, "Mgeni wetu, karibu utoe neno."

"Asante mwenyekiti. Mimi bwana harusi ananifahamu, ila kwa sauti tu," Kandida alisema. Akaweka simu yake kwenye kipaza sauti. Simu ile ilikuwa imerekodi kila alichowahi kupigiwa.

Sauti ya Brian ikajaa ukumbini. Hela ya mumeo. Kauze mwili. Mzee wako nimemwambia amezaa mwizi. Anyesi alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwani. Brian alisimama, akakaa, akasimama tena, na shati lake zuri likaloa kwapani.

Mjomba mkubwa wa bibi harusi akauliza taratibu, "Kijana, huyo ni wewe?"

Brian alimtazama mama yake.

Kandida akatoa noti ya elfu moja, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti. "Ahadi yangu hiyo, nimemaliza. Sidaiwi." Akatoka, na soda yake hakuimaliza. Huko nyuma wajomba walinyanyuka mmoja mmoja, wakasema binti yao hataolewa na mdomo ule mpaka usafishwe. Usiku huo Kandida alikula wali na maharage sahani mbili, na usingizi alioupata hakuwa ameupata tangu mwezi wa tano.

Siku tatu baadaye alimwona Anyesi dirishani, anakuja na kitu kimefunikwa kwa kanga. Kandida alijua palepale. Ni isale. Kwa Wachaga, mtu akikukosea halafu akakuletea jani hilo limefungwa fundo, na ukaliona, basi: unasamehe, hata kama alimuua ndugu yako. Kulikataa ni kujitafutia balaa. Na Kandida hakutaka kusamehe. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunogewa!

Akageukia ukuta, akafumba macho.

"Mama Brian, shikamoo. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Geuka basi, tazama nilichokuletea."

"Mimi sijaona kitu."

"Kandida, mwanangu, nakuomba. Ndoa imesimama. Mtoto hali chakula."

"Sijaona kitu, mama. Aliyekosewa zaidi ni baba yangu. Kijana aende mwenyewe Usa River, alishike jani kwa mikono yake, Jumapili baada ya misa, watu wa jumuiya wakiwepo. Na mimi nitakuwepo nione."

Alimjua baba yake. Mzee alikuwa na fimbo nyuma ya mlango, na alikuwa na hasira za miezi. Isale ama si isale, huyo kijana angetoka pale anachechemea. Anyesi aliondoka na kanga yake.

Jumapili uwanja wa mzee ulijaa. Brian alipiga magoti kwenye vumbi, jani mikononi, machozi yanamdondoka. Kandida alisimama pembeni na lile gauni lake jipya.

"Wewe ndiye uliyeniambia nimezaa mwizi?" mzee aliuliza.

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

Mzee alilitazama lile jani. Halafu akalipokea. Akapokea, hivihivi tu! Akaagiza kijana apewe kiti.

"Baba!" Kandida alipaza sauti. "Yaani basi? Mtamba wako je? Kisanduku je?"

Mzee alimgeukia Anyesi. "Kwa nini hamkuanza kwa binti yangu?"

"Nilianza kwake, mzee. Aligeukia ukuta akafumba macho. Akasema hajaona kitu."

"Ahaa," mzee alisema. Akamwuliza Brian, "Na namba yangu mliiba wapi?"

Brian alimtazama Kandida, akatazama chini. "Hatukuiba, mzee. Aliiandika yeye, sehemu ya mdhamini. Bila hiyo nisingejua hata kama upo."

Watu wa jumuiya waliangaliana. Shahidi huyo Kandida mwenyewe ndiye aliyemleta, tena alimpangia siku, saa na wasikilizaji.

Masale yalikuwa yamezunguka uwanja wote, ndiyo uzio wa mzee. Kandida alikimbia, akachuma moja, akalifunga fundo. Akarudi na kupiga magoti palepale alipopiga Brian, gauni jipya vumbini.

"Baba. Baba yangu, tazama."

Mzee Aristides alikuwa ameshageuza kigoda chake. Alikuwa ameelekea ukuta wa zizi, macho ameyafumba, mikono juu ya magoti.

"Mama Brian," alisema, "mwambie huyo dada, mimi sijaona kitu."