Barua Iliyovuka Mto

Leticia alipeleka suruali ya mumewe kwa fundi Theodori saa sita mchana, ikapunguzwe kiuno na kupandishwa pindo. Hadi saa nane ilikuwa bado chini ya sindano, mguu mmoja umeshonwa, mwingine una pini. Theodori hakuweza kubishana huku anakanyaga cherehani, na siku hiyo, barazani kwake pale Viwanja Sitini, ubishi ulikuwa juu ya Evod.

Evod ndiye mumewe Leticia, na ndiye mrefu wa Viboko, timu ya mpira wa kikapu ya Ifakara. Mpira ukigonga chuma ukarudi, ulikuwa wake. Mkataba wake wa miaka miwili ulikwisha Pasaka ya mwaka ule wa tisini na sita, na tangu hapo alikuwa mchezaji huru, timu yoyote ingeweza kumchukua.

"Kamati ya timu imelala," alisema Melkiori, mtengeneza baiskeli wa kibanda cha pili. Mikono yake ilikuwa na grisi mpaka viwikoni. "Wiki tatu mtu yuko huru, hakuna hata mmoja aliyebisha hodi kwake. Wanasubiri nini, awaote?"

"Haijalala. Inafuata taratibu." Theodori akatoa mguu kwenye kanyagio. "Mtu ana wakubwa zake. Mzee Nazari wa kamati amevuka mto tangu Jumanne, yuko Lupiro kwa mjomba wa Evod. Mjomba akishasema ndiyo, huyo kijana atakataa ana kichwa gani?"

"Kwani mnamposa?"

"Tunamheshimu."

"Basi mpelekeeni na kanga." Restituta, mama wa samaki wakavu, alicheka peke yake, kisha akamgeukia Leticia. "Mwanangu, mumeo mwenyewe anasemaje?"

Leticia alimhamisha Oliva kutoka titi moja kwenda la pili. Mtoto alikuwa na miezi mitano na alinyonya kama mtu mwenye haraka.

"Hajasema kitu, mama."

Alikuwa amesema. Asubuhi ile Evod alimwambia, "Usiende kuniombea kwa mtu. Wakinitaka, nyumba wanaijua." Alikuwa akimngoja mgeni kutoka Mnara, timu moja ya Dar es Salaam, ambaye wiki iliyopita alikuja hadi mlangoni na kuongea naye ana kwa ana. Leo angerudi na fomu. Treni ilikuwa ya saa kumi, na suruali ilikuwa ya safari. Huko Evod angelala bwenini pamoja na wachezaji wenzake. Mke na mtoto wangefuata baadaye, na hiyo baadaye haikuwa na mwezi wala mwaka.

"Mie naona Evod anaringa," Theodori aliendelea. "Angekwenda mwenyewe kwa kamati, aseme nataka kadha wa kadha."

"Ajinadi kama mpunga mnadani?" alisema Melkiori. "Kijana mwenye adabu hajipeleki. Kamati ndiyo ilitakiwa kwenda kwake. Anataka nini kikubwa? Kazi ya kudumu karakana ya misheni, basi. Anachomelea pale kama kibarua mwaka wa ngapi?"

"Kazi ipo."

"Ipo wapi?"

"Barua imeshatoka. Ina mhuri, ina jina lake, nimeiona kwa macho yangu." Theodori alijigonga kifuani, mahali pa mfuko wa shati. "Mzee Nazari anayo hapa. Anakwenda kumwonyesha mjomba kwanza, aone tumemtunza mwanawe."

Leticia alisikia maziwa yakimkauka. Barua. Kitu ambacho Evod alikingoja wiki tatu, usiku akigeuka kitandani hadi chaga zinalia, kilikuwa mfukoni mwa mzee mmoja ng'ambo ya mto.

"Mzee atarudi lini?" aliuliza.

"Akimpata mjomba. Wanasema amehamia shamba, yuko dunguni anafukuza ndege kwenye mpunga. Huko mabondeni maji yamejaa, mpaka upate mtumbwi wa kukupeleka. Jumamosi labda."

"Jumamosi, baba, Evod atakuwa Dar es Salaam."

Akawaambia yote: mgeni, fomu, treni. Aliongea taratibu, kwa sababu mtoto alikuwa amesinzia. Alipofika kwenye suruali, Theodori aliiondoa mikono juu ya kitambaa kama ameambiwa ni cha moto.

Wote watatu wakaongea pamoja. Lupiro hakuna simu. Pikipiki isingewahi kivuko, na hata ingewahi, mzee asingepatikana. Theodori alisema Evod asingefanya hivyo bila mjomba kujua. Melkiori alisema ameshafanya.

"Andika, Mama Oliva," Melkiori alimwambia. "Wewe unasoma masomo ya jioni. Andika, nimpelekee sasa hivi."

Leticia aliandika nyuma ya karatasi ya vipimo: *Baba Oliva, barua ya kazi ya kudumu ipo. Iko Lupiro kwa Mzee Nazari. Fundi Theodori ameiona. Nakuomba subiri mpaka Jumamosi.* Alitaka kuongeza neno, akakosa la kutosha. Melkiori akapanda baiskeli ya mteja iliyokuwa haina breki, akaondoka.

Katika dakika zile Leticia aliamini. Aliiona karakana, aliiona Jumamosi, alimwona Evod akicheka kwa aibu mbele ya kamati. Restituta alimpa maji, naye akanywa yote.

Melkiori alirudi akiikokota baiskeli.

"Ameisoma," alisema. "Mara mbili. Yule bwana wa Mnara amekaa pale, kalamu mkononi, fomu ya usajili iko juu ya meza. Evod ameniuliza, barua umeiona wewe? Nikasema hapana, ameiona Theodori. Akasema, 'Wiki tatu nimengoja, leo naletewa watu walioiona. Mimi sijaiona.' Kisha akaniuliza kama suruali imeisha."

"Siishoni," alisema Theodori. "Mkono wangu hauwezi kumtoa mtu wetu."

Leticia aliutazama ule mguu wenye pini. Alijua Evod angeondoka hata na kaptura ya mazoezi.

"Mshonee tu, baba," alisema. "Asiende kwa watu na pini."

Theodori alikaa sana kabla ya kuweka mguu kwenye kanyagio. Cherehani ilipoanza kulia, Melkiori alisema kamati yote ijiuzulu. Restituta alisema mjomba ndiye wa kulaumiwa, kwa nini awe shambani wiki hii. Theodori, bila kusimamisha gurudumu, alisema taratibu zilikuwa sahihi, ila mto tu. Waliendelea hivyo, na Leticia akawa anampepea Oliva kwa upindo wa kanga, akihesabu inchi za pindo zilizobaki.