Vioo vya Dakta Nanyama

Mwaka 1974, jeshi likitawala nchi, idara yetu ya fizikia chuo kikuu ililetewa mkuu mpya: Kapteni Kamis, mtu ambaye hesabu yake ya mwisho ilikuwa ya risasi. Mimi, Joska, nilikuwa mpiga chapa wa idara. Nilimkaribisha, naye akauliza choo kiko wapi. Hakuwahi kuuliza tena swali la maana kama hilo.

Siku ya tatu aliingia chumba cha Dakta Nanyama. Mama huyu alichunguza galaksi, yale makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali ajabu, na vumbi linalotanda humo na kufifisha mwanga. Miaka saba ya kazi yake ilikuwa kwenye vioo mia moja na kumi na viwili, picha alizopiga kwa darubini kubwa ya Australia, zikashikwa na utando mwembamba wa dawa juu ya kioo. Kwenye vioo hivyo anga lilikuwa jeupe na nyota zilikuwa vidoa vyeusi.

Kapteni aliinua kimoja dirishani.

"Mama, hii nini? Kioo chafu namna hii!"

"Hizo ni nyota, afande. Ninachunguza vumbi lililo kati yake."

"Vumbi?" Alicheka mpaka mkanda ukamlegea. "Selikali nakupa ofisi, wewe natafuta vumbi? Si iko mingi mtaa ya Bwaise?"

"La Bwaise naliona nikija kazini. Hili linataka akili."

Nilikuwa mlangoni. Nilirudi upesi kwenye mashine yangu ya chapa.

Jumatatu iliyofuata Dakta alikwenda Kibuli kumjulia hali mgonjwa hospitalini. Kapteni akaita askari wanne, ndoo za maji moto, sabuni na brashi za viatu. Mpaka saa sita mchana galaksi zote zilikuwa zimeteremka mferejini.

Dakta aliporudi alikuta vioo vimeanikwa kwenye nyasi, vinang'aa kama vya dukani. Aliokota kimoja, akakitazama, akakirudisha chini polepole.

"Ulikuwa wapi, Joska?"

"Nilikuwa napiga chapa, Dakta."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa napiga ripoti ya Kapteni kwenda kwa wakubwa wake: "Vumbi lililosumbua idara miaka saba limemalizwa kwa siku moja." Hata tahajia nilimsahihishia.

Kwa ushindi huo alipandishwa cheo akawa meja. Vioo vilikatwa, vikatiwa kwenye fremu za picha za maofisa wa jeshi huko mtaa wa Nakasero. Dakta alivuka mpaka kwa basi akidai anakwenda harusini Kenya, na daftari amelifunga tumboni chini ya nguo. Lilikuwa na vipimo vya vioo arobaini tu. Vingine hakuwa amevifikia.

Baada ya miaka mitatu aliandika makala juu ya hivyo arobaini, akanitumia nakala kutoka Nairobi. Mwishoni aliwashukuru watu wengi: walimu, mafundi, hata mfagizi wa Australia. Nilipitisha kidole kwenye orodha ile mara mbili. Jina langu halikuwamo, na sikuwa na haki ya kulitafuta.