Swali la Nguruwe
Aleida alipoingia wodini na chombo cha supu ya mbaazi, alimkuta kaka yake Wubbo anatetemeka chini ya mablanketi, na bado anabishana na muuguzi.

“Hii si kahawa, binti yangu. Haya ni maji yaliyopita karibu na kahawa.”

Fenna, yule muuguzi, alicheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye kipimajoto. Nyonga mpya ya Wubbo ilikuwa inapona vizuri. Homa ndiyo iliyozuka jana, na dawa aliyotundikiwa kwenye dripu haikuipunguza hata kidogo.

Aleida aliijua homa ya namna hiyo. Majira ya baridi yaliyopita ilimchukua mumewe, Berend. Vijidudu viliingia kwenye damu, na mpaka ilipojulikana kwamba havisikii dawa, mwili ulikuwa umeshachoka. Hakuna aliyekosea. Muda tu haukutosha.

Fenna alipotoka, Aleida aliinama. “Walipokupokea, walikuuliza lile swali la nguruwe?”

Huko kwao kila mtu alilijua. Nguruwe huweza kubeba vijidudu visivyosikia dawa za kawaida, kwa hiyo anayesema anawafuga hulazwa peke yake mpaka apimwe, na wanaomhudumia huvaa gauni na barakoa.

“Waliuliza. Nikasema nimestaafu. Shamba ni la mwanangu Jorn sasa.”

“Na kila asubuhi unakwenda wapi na mabuti?”

“Kusalimia tu.”

“Unawasalimia nguruwe?”

“Wananisikiliza kuliko mwanangu.” Alimshika mkono, kiganja chake kilikuwa cha moto. “Usiwaambie, Leida. Nilipopasuliwa henia walinifungia peke yangu kama mwizi. Wenzangu wanacheza karata sebuleni, mimi nahesabu vigae. Niapie.”

Hakuapa. Alimfunika vizuri. Baada ya muda Wubbo alifumbua macho, akamwita kwa jina la mama yao, akamuuliza kama ng’ombe wameshakamuliwa. Hapo Aleida akainuka.

Daktari Hoogendijk alikuwa kwenye korido.

“Daktari, kaka yangu amedanganya. Si sana. Lakini kila siku yumo bandani na nguruwe.”

Daktari akasimama. “Anawagusa?”

“Anawakuna migongo. Na kabla ya kulazwa alikuwa na jipu. Alipewa dawa, halikupona, akapewa nyingine.”

Daktari hakumlaumu mtu. “Damu yake bado iko maabara, tunasubiri kuona kijidudu gani kitaota. Lakini kwa hayo uliyoniambia, kuhusu dawa sisubiri tena.”

Dawa ikabadilishwa. Sindano ya dripu iliyokaa mkononi tangu upasuaji ikatolewa, nyingine ikawekwa mkono wa pili. Kisha Wubbo akasukumwa na kitanda chake kwenda chumba cha peke yake. Alipompita dada yake alimkazia macho.

“Msaliti.”

“Lala, wewe.”

Aleida alikwenda nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua koti. Alitaka kumwambia Berend, kama alivyokuwa akimwambia kila kitu, na akamwambia.

Majibu ya maabara yalipotoka, kijidudu kilikuwa cha aina ile ya mabanda ya nguruwe, na dawa ya kwanza isingekifanya lolote. Wakati huo homa ilikuwa imeshaanza kushuka. Wubbo aliomba mkate na jibini, akalalamika kwamba jibini ni jembamba kiasi cha kuonyesha upande wa pili.

Aleida akarudi na karata za Berend, zilizolainika kingo kwa miaka ya kuchezwa. Fenna alimzuia mlangoni.

“Mama, zikiingia humu hazitoki. Itabidi zitupwe.”

Aleida alizigeuza mikononi. Tangu mazishi hazikuwahi kutoka kwenye droo. Kisha akavaa gauni la njano, barakoa na glavu, akaingia nazo.

“Wewe nani?” Wubbo akauliza.

“Msaliti.”

“Aa, kaa basi.” Akazitazama karata, sauti ikashuka. “Hizi si za Berend?”

“Za Berend.”

“Shemeji yangu yule alikuwa mwizi wa karata.”

“Mno,” alisema Aleida, akaanza kugawa.