Hema la Shemeji

Shemeji yangu Kubwimana alitoa garini kitu cha mviringo, kipana kuliko ungo, akafungua kamba yake, akakirusha hewani. Kabla sijauliza ni nini, nyumba ilikuwa imesimama uani kwangu. Nyumba ya kitambaa cha buluu, yenye mlango na dirisha, hatua chache tu kutoka ile aliyoijenga ndugu yake.

"Sisi tutalala humu, Maman Iriza," akasema, amenipa mgongo. "Usisumbuke na kitanda."

Watu waliokuja kwa misa ya mwaka ya marehemu mume wangu, Ndayambaje, waligeuka wote pale verandani, vikombe mikononi. Kijijini kwetu Nkanka hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtu akilala nje ya nyumba ya ndugu yake, na kitanda kimetandikwa, anasema jambo moja tu: humo ndani kuna sumu.

Sumu hiyo alianza kuitangaza siku ya mazishi. Hospitali walisema ni ini. Yeye akasema, "Ini ya nani inavimba hivi, bure tu?" akaniangalia mimi, mwanamke niliyekulia Bukavu, ng'ambo ya Kongo, niliyerudi huku Rwanda na Kiswahili changu na sufuria zangu. Tangu hapo walionisalimia walinisalimia wakitembea. Mama mmoja alimpokonya mtoto wake muwa niliompa. Lisemwalo lipo, watu wanasema, na mimi ningeponea wapi? Nikaapa kwamba siku ya misa nitalisafisha jina langu. Nitatoa pombe ya ndizi, nitaonja kwanza mimi mwenyewe kama desturi inavyotaka, watakunywa, yaishe.

Na walikuwa wameanza kunywa. Mungu ni shahidi, walikuwa wameanza! Ndipo bwana huyu akarusha hema lake.

Kisha akafungua frigo yake ndogo ya plastiki. Mkate, soseji, maji ya chupa. Chupa aliifungulia juu, karibu na masikio ya watu, wasikie kizibo kikivunjika. Vikombe vikaanza kuwekwa chini ya viti, kimoja kimoja. Nilitamani kumrarua uso. Mkewe Gasaro, na mimba yake kubwa, aliingia hemani kujinyoosha bila kumwangalia yeyote.

Sasa nikwambie kosa lake. Kitu kinachosimama chenyewe humdanganya mwenye nacho kwamba kazi imekwisha. Vigingi alivisahau garini, ndani ya mfuko wake. Na upepo wa Kivu, mvua ikikaribia, hauna adabu. Ulipanda kutoka ziwani ukainua hema upande mmoja. Gasaro akatoka mbio, "Yesu wangu!", akakimbilia mlangoni kwangu, na hema likabingirika mpaka kwenye migomba. Mvua ikamwagika.

Kubwimana alilifuata. Akalikunja, likamfumukia kifuani. Akalikalia, likamtupa kwenye matope. Mmoja akacheka, kisha veranda nzima.

Mimi sikucheka. Nilimimina uji wa mtama, wa moto, nikasimama na Gasaro mlangoni mbele ya wote. Nikaonja. Nikameza. Nikampa.

"Unywe ao usinywe," nikamwambia, "lakini ufanyie hapa, batu bakuone."

"Gasaro!" mumewe alipaza sauti kutoka mvuani, amelikumbatia hema kwa mikono miwili. "Weka iyo kikombe chini!"

Akamtazama mumewe. Akatazama tumbo lake. Kisha akanywa, polepole, mpaka chini, akafuta midomo kwa kiganja.

"Sukari ni kidogo," akasema. "Uniongezeye, Maman Iriza."

Jirani yangu Nzigire, anayevusha nyanya mpakani pale Rusizi ya kwanza, akainama akaokota kikombe chake chini ya kiti. "Na miye," akasema, "niko na baridi."

Kubwimana aliingia garini akafunga milango, macho yake kwa mkewe. Alikuwa anangoja aanguke. Gasaro akaomba kikombe cha tatu. Mvua ilipokatika waliondoka. Hema lilikataa kuingia kwenye buti, akaliacha palepale, na hakuniaga.

Gasaro alijifungua salama. Alinipigia simu yeye mwenyewe. Mumewe hajaifuta ile sumu aliyoitangaza.

Hema liko hapo mpaka leo, limepauka, kuku wanataga ndani. Nzigire huniuliza kwa nini silitupi.

"Nangoja mwenyewe akuje kulikunja," ninamjibu, naye anacheka mpaka anashika mbavu.

Majirani wanakunywa kwangu siku hizi. Desturi inamtaka mwenye nyumba ameze mara moja. Mimi bado ninameza mara mbili.